Saumu na moyo: mwenye presha aangalie nini

Ramadhani ya 2024, baada ya tarawehe, kijana mmoja alinijia barazani hapa Jomvu Kuu na simu mkononi. "Mjomba, umeona? Wazungu wasema kufunga kwaua moyo."

Habari ilikuwepo kweli. Tarehe 18 Machi, katika mkutano wa Shirika la Moyo la Marekani mjini Chicago, watafiti walieleza kuwa kati ya watu wazima wapatao 20,000 wa nchi hiyo, waliokula chakula chao chote cha siku ndani ya muda usiofika saa 8 walikuwa na hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo iliyozidi kwa asilimia 91, ukilinganisha na waliokula ndani ya saa 12 hadi 16. Lakini watu hao waliulizwa chakula cha siku mbili tu, kisha wakafuatiliwa kwa miaka. Anayekula kwa muda mfupi huenda tayari ni mgonjwa, au hana kitu jikoni. Na wala haikuwa saumu yetu iliyopimwa.

Saumu ilipimwa London. Watafiti wa chuo cha Imperial walipima waumini 85 wa misikiti mitano kabla na baada ya Ramadhani, wakatoa matokeo mwaka 2021. Presha ya juu ilishuka kwa kama 7, ya chini kwa kama 3, hata walipoondoa hesabu ya uzito uliopungua. Si haba, ingawa vipimo hivyo ni vya mwezi mmoja tu.

Mwilini huwa hivi. Ini huweka akiba ya sukari. Ukikaa kama saa 12 bila kula, akiba hupungua na mwili huanza kuchoma mafuta. Huku kwetu karibu na ikweta saumu ni kama saa 13 na nusu mwaka mzima, kwa hiyo mafuta huanza kuchomwa jioni, na punde tu yaadhiniwa Magharibi, nasi twarudisha yote kwa kaimati na sharubati.

Hapo ndipo penye shida yetu. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya China, mjini Guangzhou, ambako watu wanene 139 walipunguziwa chakula mwaka mzima. Nusu yao walikula kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni tu, wengine wakati wowote. Uzito uliopungua haukutofautiana kwa maana. Kilichofanya kazi ni kiasi cha chakula. Sasa hesabu futari: sambusa, bajia, viazi karai, mbaazi za nazi, kisha wali wa usiku. Shirika la Afya Duniani lasema chumvi isifike gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Mchuzi na achari pekee zaweza kuimaliza.

Mimi mwenyewe nina presha. Mwaka wa kwanza wa dawa niliacha vidonge mwezi mzima, nikijiambia saumu ni dawa tosha. Siku ya Idi kichwa kilinigonga mpaka sikuiona pilau. Daktari alipopima alinyamaza, kisha akaniuliza nani aliniambia niache. Hakuna. Nilijiambia mwenyewe.

Kidonge cha mara moja kwa siku mara nyingi huhamishiwa futari, na cha mara mbili hugawanywa futari na daku. Vile vya kukojoza vyataka uangalifu zaidi, kwa sababu mchana hakuna maji ya kufidia. Lakini mpangaji ni daktari, na mwendee Shaabani, si tarehe kumi ya mwezi. Aliyepatwa na shambulio la moyo karibuni, au moyo wake umechoka mpaka miguu yavimba, kwa kawaida huambiwa asifunge. Aya ya 184 ya Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa. Na ukiwa umefunga, kifua kikabana au ukaona kizunguzungu, fungua hapo hapo, uende hospitali.