Skrini ndogo ya LCD kwenye kompyuta ya mezani: angalia volti kwanza

Uko Mlali na umepata skrini ya LCD ya inchi 7? Unaweza kuifunga mwenyewe. Kinachoziunguza nyingi ni volti.

1. Soma nyuma ya skrini: 5V au 12V?

2. Zima kompyuta, chomoa waya ukutani. Pawa saplai usiifungue kabisa, ndani kuna umeme hatari hata ukishachomoa.

3. Tafuta plagi ya pini nne. Kwa kawaida waya mwekundu ni volti 5, wa njano volti 12, nyeusi mbili ni hasi. Hakikisha kwa mita, kisha zima tena.

4. Skrini ya 5V: nyekundu na nyeusi. Ya 12V: njano na nyeusi. Ukiipa ya 5V waya wa njano, imekwisha hiyo.

5. Picha inapita kwenye waya wa HDMI au VGA.

Unatumia USB? USB 2.0 hutoa miliampia 500 tu. Skrini ikiwaka na kuzima, umeme hautoshi.

Wa sola: betri ya volti 12 ikichajiwa hupita volti 14. Usiunge moja kwa moja, weka kidhibiti volti.