Mbegu, Udongo na Uti wa Mgongo: Saratani ya Koo Inafikaje Huko?

Saratani za kichwa na shingo, yaani za mdomo, koo, zoloto na jirani zake, zina njia zilizozoeleka. Zikisambaa, mara nyingi huanza na matezi ya shingo, halafu mapafu, wakati mwingine ini na mifupa. Ila mara chache sana hukutwa ndani ya uti wa mgongo wenyewe. Hapa siongelei pingili, ambazo ni mifupa. Naongelea ile kamba laini ya neva inayopita katikati yake. Sasa inafikaje huko, na mbona ni nadra hivyo?

Swali la njia za saratani ni la zamani. Mwaka 1889, daktari mpasuaji wa London, Stephen Paget, alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya matiti. Aliona ini linashambuliwa sana kuliko wengu, wakati vyote viwili vinapata damu ya kutosha. Akasema seli za saratani ni kama mbegu: zinapeperushwa kila mahali, lakini huota penye udongo unaozifaa tu.

Mwaka 1928, Mmarekani James Ewing akapinga. Kwake yeye, mambo ya udongo hayakuwa na haja. Fuata mkondo wa damu tu, utajua saratani itatua wapi.

Kisha mwaka 1940, Oscar Batson wa Philadelphia akadunga dawa inayoonekana kwenye eksirei ndani ya vena za maiti. Kumbe vena zinazozunguka uti wa mgongo hazina vali! Ukikohoa au ukijikamua, damu inaweza kugeuza mwelekeo. Na mtandao huo unatoka nyonga hadi fuvuni, kwa hiyo seli zinaweza kufika mgongoni bila kupitia mapafu.

Leo tunajua kuna ukweli pande zote: njia ina kazi yake, na udongo pia. Kamba ya neva ni nyembamba na inapata damu kidogo ukilinganisha na ubongo, hivyo mbegu chache hutua pale.

Zamani visa vingi viligunduliwa kwenye uchunguzi wa maiti. Tangu kipimo cha MRI kienee miaka ya 1980, vinaonekana mgonjwa akiwa hai, na hapo ndipo penye uzito. Mtu aliyetibiwa saratani ya koo kwa mionzi akianza kuishiwa nguvu miguuni, kupata ganzi au kushindwa kuzuia mkojo, huenda mionzi imeumiza neva, huenda saratani imesambaa. Dalili zinafanana, tiba hazifanani. Nguvu za miguu zikishapotea, ni vigumu kuzirudisha. Kwa hiyo mgonjwa wa namna hii asiambiwe ni uchovu tu akapumzike. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.