Vitabu Vilivyowatoa Mashabiki wa Heavy Metal Kizimbani

Miaka ya 80 kule Marekani, ukionekana na nywele ndefu na fulana nyeusi ya bendi, basi kesi unayo tayari. Mhuni, mvuta bangi, mwabudu shetani, jina lolote baya lilikuwa lako. Septemba 1985 ishu ikafika mpaka Seneti. Wakaongea wake za wanasiasa, wataalamu na wanamuziki. Yule dogo anayenunua kaseti hakuwekewa kiti.

Mwaka 1990, mahakama moja ya Reno, jimbo la Nevada, ikasikiliza kesi dhidi ya bendi ya Judas Priest. Vijana wawili walikuwa wamejipiga risasi, na familia zikadai kuna maneno yamefichwa ndani ya wimbo yakiwachochea kujiua. Jaji hakukubali kwamba wimbo ndio chanzo. Bendi ikapona.

Mwaka uliofuata, 1991, vikatoka vitabu viwili vya wanawake wawili, na vyote vikafanya kile ambacho Seneti haikufanya: vikamsikiliza shabiki.

Kimoja ni Teenage Wasteland cha Donna Gaines. Mwaka 1987 vijana wanne walijiua kwa pamoja katika mji wa Bergenfield, New Jersey. Gaines akaenda kukaa vijiweni na vijana wa hapo, wale ambao watu wazima walishasema wameshindikana. Hakumkuta shetani. Alikuta vijana waliokatiwa tamaa na shule, wasio na kazi ya maana wala pa kwenda jioni. Muziki ndio uliokuwa unawashika mkono.

Kingine ni Heavy Metal: A Cultural Sociology cha Deena Weinstein, mwanasosholojia wa Chicago. Yeye akaonyesha kuwa mashabiki hawa ni jamii kamili, yenye mavazi yake, miiko yake na shoo ambazo kwao ni kama sherehe. Halafu 1993 Robert Walser, msomi ambaye mwenyewe anapiga gitaa, akaja na Running with the Devil. Humo akaonyesha jinsi wapiga gitaa wakali wa metal walivyochota ujuzi kwa Bach na Vivaldi. Kumbe ile "kelele" ina darasa ndani yake!

Ila si kila kitabu kilikuja kutetea. Lords of Chaos cha 1998 kilisimulia makanisa yaliyochomwa na mauaji yaliyotokea Norway mwanzoni mwa miaka ya 90. Mambo hayo yalitokea kweli, na mwaka 2018 ikatoka hadi filamu. Tatizo ni kwamba wahalifu walikuwa wachache, lakini msomaji anaweza kufunga kitabu akiona kiberiti mkononi mwa kila mwenye fulana nyeusi.

Na hofu ya shetani si ya Wazungu peke yao. Kenya, mwaka 1994, Rais Moi aliunda tume nzima kuchunguza ibada za shetani. Ndiyo maana Heavy Metal Africa cha Edward Banchs, kilichotoka 2016, kina uzito wake huku kwetu. Jamaa alizunguka nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, akiwatafuta wanaopiga na kupenda muziki huu ili waseme wenyewe.

Kumhukumu mtu kwa fulana ni rahisi. Kukaa naye kijiweni ukamsikiliza ndiyo kazi, na vitabu hivi vinakumbukwa kwa sababu waandishi wake waliifanya.

Wadau, mtaani kwenu ni muziki gani uliwahi kuitwa wa shetani? Tiririka hapo chini.