Alama ya Biashara Haivuki Mpaka: Jinsi ya Kuisajili na Kuitunza Katika Nchi za Nje

Mwaka 2006, kampuni moja ya Uingereza iliwasilisha ombi katika ofisi ya alama za biashara ya nchi hiyo, ikitaka kusajili neno "Kikoy" liwe alama yake. Neno hilo halina tofauti na kikoi, vazi ambalo wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki wamelivaa kwa vizazi vingi na ambalo wafumaji wa Kenya huliuza ng'ambo. Iwapo ombi hilo lingekubaliwa, Mkenya anayepeleka vikoi Uingereza angeweza kuzuiwa kuviuza kwa jina hilo. Wazalishaji wa Kenya, wakisaidiwa na shirika la biashara ya haki la Traidcraft, waliwasilisha pingamizi, na mwaka 2008 ombi hilo likaachwa.

Kikoi kilipata watetezi kwa kuwa ni jina la bidhaa inayojulikana na watu wengi. Mfanyabiashara aliyebuni jina lake mwenyewe la chai, kahawa, mikoba au mavazi hana watetezi wa namna hiyo. Kinga yake ni cheti cha usajili, tena kilichotolewa katika nchi anakouzia bidhaa.

Haki hukomea mpakani

Alama ya biashara ni jina, nembo, mchoro au mchanganyiko wa hivyo unaomwezesha mnunuzi kutofautisha bidhaa za mtu mmoja na za mwingine. Nchini Kenya, alama husajiliwa na Taasisi ya Hakimiliki za Viwanda ya Kenya (KIPI) chini ya Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, na usajili hudumu miaka 10 kabla ya kuhuishwa.

Cheti hicho hakina nguvu nje ya Kenya. Anayeuza Kampala, Kigali au Dar es Salaam amekwisha kuingia katika sheria nyingine. Tanzania pekee ina madaftari mawili: la Tanzania Bara na la Zanzibar, na usajili wa upande mmoja haulindi upande wa pili.

Aidha, nchi nyingi, Uchina ikiwa miongoni mwao, humpa haki anayetangulia kuwasilisha ombi, hata kama mwingine ndiye aliyetangulia kulitumia jina. Mara nyingine anayetangulia huwa ni wakala au msambazaji aliyekabidhiwa bidhaa, akasajili alama kwa jina lake mwenyewe. Mkataba wa Paris wa kulinda mali ya viwanda humruhusu mwenye alama kudai usajili wa namna hiyo ufutwe, lakini kesi ya ugenini ni ndefu na ghali. Ni salama zaidi kusajili kabla ya kusaini mkataba wa usambazaji, na kueleza ndani ya mkataba huo kwamba alama ni mali ya mzalishaji.

Kabla ya kuwasilisha ombi

Hatua ya kwanza ni kupekua daftari la nchi husika ili kujua kama kuna alama inayofanana. Hatua ya pili ni kuchunguza maana ya jina katika lugha ya huko. Neno linalotaja tu aina ya bidhaa, sifa yake au mahali inapotoka kwa kawaida hukataliwa.

Hatua ya tatu ni kuchagua madaraja. Nchi nyingi hutumia Mfumo wa Nice wenye madaraja 45: 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Kahawa na chai zimo katika daraja la 30, mavazi katika la 25 na mikoba katika la 18. Ulinzi hufuata bidhaa zilizoorodheshwa katika ombi, kwa hiyo anayesajili kahawa asidhani kwamba amelinda pia fulana zenye nembo hiyohiyo.

Njia za kusajili

Njia ya kwanza ni kupeleka ombi moja kwa moja katika ofisi ya nchi inayolengwa. Kwa kawaida mwombaji wa kigeni hutakiwa kuwa na wakala aliyeidhinishwa huko. Marekani, kwa mfano, tangu Agosti 2019 humtaka mwombaji anayeishi nje ya nchi hiyo kuwakilishwa na wakili mwenye leseni ya Marekani. Kwa nchi za Umoja wa Ulaya, ombi moja katika ofisi ya umoja huo huzaa alama inayotambuliwa katika nchi wanachama zote.

Njia ya pili ni Mfumo wa Madrid, unaosimamiwa na Shirika la Hakimiliki Bunifu Duniani (WIPO) lenye makao yake Geneva. Kenya ni mwanachama tangu 1998, na Rwanda ilijiunga 2013. Mwenye ombi au usajili nchini Kenya hupitishia ombi la kimataifa KIPI, akataja nchi wanachama anazozitaka. Ada ya msingi ni faranga 653 za Uswisi, au 903 ikiwa alama ina rangi, pamoja na ada za nchi zilizotajwa. Kila nchi bado hulipima ombi kwa sheria yake na inaweza kulikataa ndani ya miezi 12 au 18.

Mfumo huo una sharti ambalo mwombaji anapaswa kulifahamu. Katika miaka 5 ya mwanzo, usajili wa kimataifa hutegemea ule wa nyumbani. Ombi au usajili wa Kenya ukifutwa katika kipindi hicho, ule wa kimataifa nao huanguka kwa kiwango hichohicho.

Njia zote mbili hunufaika na haki ya kipaumbele. Anayewasilisha ombi la nje ndani ya miezi 6 tangu ombi lake la kwanza la nyumbani huhesabiwa kana kwamba aliliwasilisha siku ileile ya kwanza. Anayetangulia nje katikati ya muda huo hawezi kumpita.

Kuitunza alama

Wengi hupoteza alama baada ya kupata cheti, kwa kusahau tarehe au kutoitumia. Muda wa usajili hutofautiana. Uganda na Tanzania Bara hutoa miaka 7 ya kwanza, kisha 10 kila inapohuishwa. Usajili wa Madrid huhuishwa WIPO kila baada ya miaka 10, na anayechelewa hupewa miezi 6 zaidi kwa kulipa nyongeza.

Kuhuisha pekee hakutoshi kila mahali. Marekani humtaka mwenye alama kuwasilisha tamko la matumizi pamoja na ushahidi kati ya mwaka wa 5 na wa 6 tangu usajili. Sharti hili humhusu hata aliyepitia Madrid, naye hulitimiza katika ofisi ya Marekani yenyewe. Asipofanya hivyo, ulinzi wake huko hufutwa hata kama usajili wa WIPO ungali hai. Msumbiji nayo hudai tamko la namna hiyo kila baada ya miaka 5.

Alama isiyotumika inaweza kufutwa kwa ombi la mtu mwingine: Uchina baada ya miaka 3 mfululizo, Umoja wa Ulaya baada ya 5. Kwa hiyo ankara, hati za forodha, picha za vifungashio na matangazo yenye tarehe yahifadhiwe kwa kila nchi. Alama pia itumike kama ilivyosajiliwa. Nembo ikibadilishwa sana, huhitaji ombi jipya.

Mwenye alama anatakiwa vilevile kufuatilia majarida ya usajili, kwa kuwa muda wa pingamizi ni mfupi: siku 30 Marekani, miezi 3 Uchina na Umoja wa Ulaya. Kenya hutoa siku 60.

Faida yake

Mwaka 2005 Ethiopia iliomba kusajili Marekani majina ya kahawa zake za Sidamo, Harar na Yirgacheffe. Ilipingwa na chama cha wafanyabiashara wa kahawa wa huko, lakini haikurudi nyuma. Mwaka 2007 ilifikia makubaliano na kampuni ya Starbucks, iliyokubali kutambua kwamba majina hayo ni ya Ethiopia na kuyatumia kwa leseni.

Wananchi wanaouza au wanaokusudia kuuza bidhaa nje wanashauriwa kuanza na usajili wa nyumbani, kuorodhesha nchi wanazolenga, na kuthibitisha ada na masharti ya sasa katika ofisi za KIPI au za nchi husika kabla shehena ya kwanza haijaondoka.