Rivolva zilizopita Iringa na Tukuyu

Mapigano ya Lugalo, mashariki mwa Iringa, hayakuchukua muda wa kusonga ugali. Ilikuwa Agosti 17, 1891. Wahehe waliojificha kando ya njia waliuvamia msafara wa kijeshi wa Mjerumani Emil von Zelewski, wakamuua kwa mkuki, na takriban bunduki 300 zikaangukia mikononi mwa watu wa mtawala wao, Mkwawa. Tangu hapo, habari za silaha za Nyanda za Juu Kusini zimekuwa habari za bunduki. Rivolva hazitajwi, ingawa kwa mtu anayetaka kujua nani alipita hapa na lini, hizo ndizo zenye maneno mengi.

Jeshi la Ujerumani lilipokea rivolva yake ya kwanza mwaka 1879. Ni chuma kizito cha risasi sita zenye kipenyo cha milimita 10.6, mtutu wake wa karibu sentimita 18. Ile ya 1883, waliyoipenda maofisa, ilifupishwa mtutu hadi sentimita 12 hivi. Zote mbili zina alama isiyofichika: kiwenzo cha usalama ubavuni upande wa kushoto, kitu kisichozoeleka kwenye rivolva. Na zina ubovu mmoja mkubwa. Hazina kifaa cha kutoa maganda. Risasi zikiisha, unafungua kijilango cha upande wa kulia na kusukuma ganda moja moja kwa kijiti. Sijui kama aliyebuni hivyo aliwahi kukimbizwa na mtu mwenye mkuki.

Aliyeitengeneza husomwa kwenye chapa. Zilizotoka kiwanda cha serikali cha Erfurt zina taji juu ya jina la mji huo. Zile za mafundi wa Suhl hubeba majina yao, kama Sauer, Schilling na Haenel. Kuanzia 1908 jeshi la nchi kavu likahamia kwenye bastola ya Luger, nayo rivolva ikasukumwa kwa vikosi vya nyuma na makoloni. Hapa kwetu uchakavu huo haukuwa wa rivolva peke yake: mwaka 1914 askari wengi bado walibeba bunduki ya Mauser ya 1871, yenye risasi moja na baruti nyeusi, ambayo moshi wake ulimwonyesha adui mahali pa kulenga.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliingia kutoka kusini. Mei 1916 kikosi cha Jenerali Edward Northey kilivuka kutoka Nyasaland na Rhodesia Kaskazini, kikachukua Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu-Langenburg, na ilipofika Agosti 29 kilikuwa Iringa. Mji wa Mbeya wenyewe haukuwapo bado. Ulianza mwaka 1927, dhahabu ya Lupa ikivuta watu kuelekea Chunya.

Rivolva ya afisa wa Kiingereza ilikuwa Webley, na ukiiweka kando ya ile ya Kijerumani huhitaji darubini. Inavunjika kwa juu: unabana kitasa, mtutu unainama, na maganda yote sita yanaruka kwa pamoja. Toleo la kwanza ni la 1887, lenye mtutu wa inchi nne na mpini wa mviringo kama kichwa cha ndege. Toleo la sita, la 1915, lina mtutu wa inchi sita na mpini wenye pembe. Mshale mpana uliogongwa kwenye chuma maana yake ni mali ya serikali ya Uingereza. Mwaka 1932 ikaja Enfield ndogo ya inchi 0.38, na kuanzia 1938 yakatengenezwa matoleo yasiyo na kidole kwenye nyundo, ili isinase ndani ya vifaru.

Uzee wa silaha haupunguzi uzito wake kisheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka leseni, na rivolva iliyokutwa kwenye sanduku la babu ni ya kupelekwa polisi.