Mwezi, Matope na Manowari: Falaki Ilivyoandika Historia ya Delta ya Rufiji

Basi la Lindi au Mtwara likifika Ndundu huvuka mto Rufiji kwa muda usiotosha hata kumenya chungwa. Daraja la Mkapa, lenye urefu unaokaribia kilomita moja, lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo watu na magari walivushwa kwa pantoni. Abiria wanaoelekea kusini huyatazama maji ya udongo, wakaendelea na usingizi wao. Upande wao wa kushoto, mbali kidogo na macho, ndiko mto unakopasuka vipande vipande na kumiminika Bahari ya Hindi kwa milango mingi: Simba Uranga, Kikunja, Kiomboni, Msala na mingineyo. Katikati ya milango hiyo kuna takriban hekta 50,000 za mikoko.

Huko deltani saa ya mkononi haina amri. Mashua ya Nyamisati inayokwenda Mafia hungoja maji. Mvuvi wa kamba huhesabu siku za mwezi kabla ya kutoa nyavu. Mkulima wa mpunga wa visiwani huombea bamvua lisipande sana, maana maji ya chumvi yakiingia jarubani msimu umekwisha. Anayepanga ratiba zote hizo ni mwezi, ulio umbali wa kilomita 384,000, akisaidiwa na jua lililo kilomita milioni 150. Ndiyo maana naona mtu anayetaka kuijua historia ya elimu ya falaki katika wilaya hii ya Kibiti asianze kutafuta darubini. Aanze na matope.

Kanuni yenyewe si ngumu. Mwezi huyavuta maji ya upande wa dunia uliouelekea zaidi kuliko unavyoivuta dunia yenyewe, na maji ya upande wa pili huyavuta kwa nguvu ndogo kuliko unavyoivuta dunia, yakawa kama yameachwa nyuma. Bahari ikavimba pande mbili, na dunia ikizunguka katikati ya uvimbe huo, pwani nyingi hupata maji kujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kwa kuwa mwezi nao haukai mahali pamoja, kujaa kwa kesho huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko kwa leo. Jua nalo huvuta, ila nguvu yake ni karibu nusu tu ya ile ya mwezi. Mwezi unapokuwa mpevu, au unapokuwa haupo kabisa usiku, jua, dunia na mwezi vimejipanga mstari mmoja na nguvu mbili zinashirikiana: hilo ndilo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, nguvu hizo zinapingana, nasi tunapata maji mafu. Mabamvua makubwa kuliko yote huja karibu na Machi na Septemba, wakati jua liko juu ya Ikweta.

Haya yote Isaac Newton aliyapa hesabu yake mwaka 1687. Miaka 55 kabla yake, Galileo, mtu aliyeona miezi ya Mshtarii, yaani Jupita, kwa darubini yake mwenyewe, aliandika kitabu akiwakejeli waliosema kwamba mwezi unaivuta bahari. Yeye aliamini maji hujaa kwa sababu ya mitikisiko ya dunia yenyewe. Mvuvi yeyote wa Mbwera, hapa deltani, angemsikiliza kwa heshima, kisha akaenda zake kutega kwa mwezi.

Ukitaka kuyaona mahesabu hayo kwa macho, ingia mkondoni maji yakiwa yamekupwa. Mizizi ya mkoko imesimama nje kama miguu ya kaa, na juu yake kuna mstari ulionyooka utadhani umepigwa kwa rula: chini ya mstari gome limepakwa tope la kijivu na kushikwa na chaza wadogo, juu yake majani ni safi. Mstari huo ni alama ya mahali bamvua la karibuni lilipofika. Siku saba baadaye, wakati wa maji mafu, maji yatakomea chini kabisa ya hapo. Baina ya kupwa na kujaa siku ya bamvua, maji ya pwani hii hupanda kwa mita 3 hadi 4, kiasi cha kumfunika mtu mzima pamoja na aliyembeba mabegani.

Watu wa nje nao waliupata mwambao huu kwa elimu ya mbingu, au angalau walijaribu. Katika karne ya 2, Ptolemy wa Aleksandria, mwanafalaki aliyetawala fikra za wasomi kwa zaidi ya miaka elfu moja, aliiweka bandari ya Rhapta na mto wake kwenye latitudo ya nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Delta ya Rufiji iko karibu na nyuzi 8. Ptolemy hakufika huku. Alitegemea masimulizi ya mabaharia na siku zao za safari. Mahali hasa pa Rhapta bado wasomi wanapabishania. Hata hivyo mwanaakiolojia Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha mwaka 1999 taarifa ya shanga za Kirumi kutoka eneo hili la Rufiji, na tangu hapo mabishano yamekuwa na kitu cha kushika mkononi.

Miaka mingi baadaye wakaja manahodha wa Kiarabu na pepo zao za msimu, wakifuata pembe, dhahabu ya Sofala na boriti za mikoko za kuezekea nyumba za Ghuba, ambako miti mirefu ni nadra. Ahmad ibn Majid, nahodha wa Omani wa karne ya 15, alitunga mashairi ya kuongoza vyombo hadi Sofala. Huku kusini nyota ya kaskazini huzama chini ya upeo, basi yeye alipima nyota nyingine za kaskazini kwa upana wa vidole, akajua chombo kimefika usawa wa bandari gani. Wakulima wa pwani nao walikuwa na kikundi chao cha nyota, Kilimia, ambacho hutoweka machweo mnamo Mei na kuchomoza tena alfajiri mwezi Juni. Wahenga walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Sina hakika hali ya hewa ya siku hizi bado inawatii wahenga, lakini nyota zenyewe hazijakosa miadi.

Sasa tuje kwenye meli.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza Agosti 1914, Wajerumani walikuwa na manowari moja tu ya maana upande huu: Königsberg, yenye urefu wa mita 115 na mizinga 10, chini ya nahodha Max Looff. Ilihitaji maficho. Waingereza waliamini hakuna meli ya ukubwa huo inayoweza kuingia Rufiji. Wajerumani walijua zaidi, kwa kuwa meli yao ya upimaji, Möwe, ilikuwa imepima mikondo ya delta kabla ya vita. Tatizo lilikuwa fungu la mchanga mlangoni. Königsberg ilizama majini zaidi ya mita 5, na siku ya kawaida isingepita.

Ilipita tarehe 3 Septemba 1914, maji yakiwa yamejaa. Ukifungua kalenda ya mwezi ya mwaka ule, utakuta mwezi mpevu ulikuwa tarehe 4.

Uzuri wa falaki ni kwamba hesabu zake hurudi nyuma kwa uhakika uleule zinaokwenda nao mbele, kwa hiyo twaweza kuendelea. Königsberg ilitoka tena mafichoni tarehe 19 Septemba. Siku hiyohiyo mwezi ulikuwa umefichika kabisa: bamvua jingine, tena karibu na wakati wa mabamvua makubwa, na usiku wa giza totoro juu yake. Alfajiri ya tarehe 20 ilikuwa mbele ya bandari ya Unguja, ikaikuta meli ya Kiingereza Pegasus ikiwa katika matengenezo, ikaizamisha. Zaidi ya mabaharia 30 walikufa. Kisha mitambo ya Königsberg yenyewe ikaleta hitilafu, ikarudi Rufiji, karibu na Salale, na haikutoka tena.

Meli ya Kiingereza Chatham iliigundua tarehe 30 Oktoba. Siku 11 baadaye Waingereza waliizamisha kwa makusudi meli kuukuu ya mizigo, Newbridge, ili kuziba mlango mmoja. Lakini delta ina milango mingi, na mto haukujali. Walimtafuta pia mwindaji wa Kikaburu, P. J. Pretorius, apenye mikokoni, aihakikishe meli ilipo na kupima kina cha mikondo. Vitabu vya vita vinamtaja Pretorius kwa sifa. Wenyeji waliompitisha kwa mitumbwi, waliojua maji yatajaa saa ngapi bila kupima kitu, hawapati hata mstari.

Silaha ya kumaliza kazi ilikuwa meli mbili za ajabu, Severn na Mersey. Zilijengwa Uingereza kwa ajili ya Brazili, zifanye kazi mto Amazon, na hazikuzama majini hata mita 2. Zilikokotwa kutoka Malta hadi Mafia, ambayo Waingereza walikuwa wameiteka Januari 1915 na kutengeneza kiwanja cha ndege. Shambulio la kwanza lilikuwa alfajiri ya tarehe 6 Julai. Mwezi ulikuwa umetoka tu kuwa nusu, maji yalikuwa mafu. Zilipigana kutwa, Mersey ikapigwa vibaya, zikarudi bila ushindi. Zilirudi tena tarehe 11 Julai, zikaingia mlango wa Kikunja mchana huku maji yakipanda. Mwezi mpya ulikuwa kesho yake. Safari hii rubani Cull na mwenzake Arnold walielekeza mizinga kwa redio kutoka angani, na hata ndege yao ilipopigwa waliendelea kutuma maelekezo wakati inashuka mtoni. Kabla jua halijapinda sana Looff aliamuru meli yake ilipuliwe.

Sitaki kuutwika mwezi sifa isiyo yake. Tarehe 6 Julai Waingereza walishindwa zaidi kwa sababu ya kukosa shabaha, si kwa uchache wa maji, na meli zao zilitengenezwa makusudi kupita penye maji kidogo. Lakini kuingia, kutoka na kuangamia kwa Königsberg vyote kuangukia ndani ya siku moja ya mwezi mpevu au mwezi mpya ni jambo ambalo mzee wa Nyamisati hatalistaajabia. Ukitaka kupita na chombo kizito, unangoja bamvua. Amri ya Berlin au ya London haibadilishi hilo.

Kuna kisa kingine cha mwezi uleule. Mwezi mpya uliotangulia Königsberg kuingia Rufiji ulikuwa wa tarehe 21 Agosti 1914, na siku hiyo ulipita mbele ya jua sawasawa: kupatwa kamili, kulikoonekana kuanzia Skandinavia hadi Urusi. Mwanafalaki wa Kijerumani Erwin Freundlich alikuwa amekwenda Krimea na kamera zake kuangalia kama mwanga wa nyota hupinda karibu na jua, kama rafiki yake Albert Einstein alivyodai. Vita vikamkuta huko, Warusi wakamkamata, picha hazikupigwa. Pengine ilikuwa bahati ya Einstein, kwani hesabu yake ya wakati ule ilitoa nusu tu ya jibu sahihi. Aliirekebisha Novemba 1915. Uthibitisho ulikuja kwa kupatwa kwa jua kwa mwaka 1919, kulikopigwa picha katika kisiwa cha Principe, pwani ya magharibi ya Afrika, na huko Brazili.

Mizinga ya Königsberg iliopolewa, ikakokotwa na wapagazi wa Kiafrika, ikatumika vitani nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Mwili wa meli ulikatwakatwa kuwa vyuma chakavu baadaye, na kilichosalia kilimezwa na tope. Ujerumani nayo, baada ya vita kuikatia majedwali ya maji kutoka Uingereza, ililazimika kujitengenezea mashine yake ya kwanza ya kukokotoa kujaa na kupwa, mtambo wa magurudumu uliochanganya mivuto ya mwezi na jua.

Leo kazi ya magurudumu hufanywa na kompyuta, na tangu mwaka 1992 setilaiti ya TOPEX/Poseidon na zilizoifuata zimekuwa zikipima kimo cha bahari kutoka angani kwa rada. Wanaanga wa Apollo nao waliacha mwezini vioo maalumu, vya kwanza vikiwa vya mwaka 1969. Wanasayansi huvipiga mwanga wa leza na kuhesabu muda unaochukua kurudi, wakapata umbali wa mwezi hadi kwenye sentimita. Vipimo hivyo vimeonyesha kwamba maji yanayojaa na kupwa yakisuguana na sakafu ya bahari, hasa penye vina vifupi, hupunguza kasi ya dunia kujizungusha, na nguvu hiyo huusukuma mwezi mbali nasi. Kila mwaka husogea sentimita 3.8. Tangu Königsberg ivuke fungu la mchanga la Rufiji umesogea zaidi ya mita 4, ambayo ni kama tofauti ya kujaa na kupwa deltani siku ya bamvua kubwa.