Kabla Hawajaandikiwa Katuni Yao, Walishamchagua Thomas

Najua wengi mmezoea kuja hapa kupata stori za mastaa na muvi mpya, ila leo mnivumilie kidogo, maana napiga stori ya dogo wangu. Jina lake simtaji, kakataa mwenyewe.

Dogo ana miaka 19 na ana usonji. Chumbani kwake kuna vitabu vya katuni, Spider-Man, Sani za zamani alizorithi kwa mjomba, vyote vimepangwa kwa utaratibu wake. Ukichomoa kimoja anajua kabla hujafika mlangoni. Halafu kila siku saa kumi na mbili jioni anaangalia Thomas. Ndio, Thomas huyohuyo, ile treni ya bluu yenye sura.

Sasa juzi kati shangazi yetu kaja kutusalimia, akamkuta yuko mbele ya TV. Akaanza, "Lijitu zima hili bado linaangalia vitu vya chekechea? Ndio maana hakui huyu. Vitoeni hivyo vitu humu ndani." Na si unajua shangazi akishaongea. Alipoondoka tu, mzee akatoa boksi, akaanza kuvipanga vile vitabu humo ndani. Dogo hakulia. Alisimama pale ukutani, kaziba masikio, anahesabu. Mimi nikamwambia mzee anipe wiki moja nimletee sababu za kutovigawa. Akakubali shingo upande. Ndio nikaanza kusoma, na hiki ndicho nilichokutana nacho.

Tuanze na miaka ya mwanzo ya 1940, maana hapo kuna mambo mawili yalitokea mbalimbali na hayakuwa yanajuana kabisa. La kwanza, mwaka 1943, Marekani, kwenye hospitali ya Johns Hopkins kule Baltimore, daktari anaitwa Leo Kanner alichapisha andiko lake juu ya watoto 11. Watoto wanaopenda vitu vibaki vilevile, wanaorudia maneno, wanaopenda kuwa kivyao. Hilo ndilo andiko lililofanya usonji uanze kujulikana kwa jina hilo kwa watoto. La pili, Uingereza, mchungaji mmoja wa Kianglikana anaitwa Wilbert Awdry alikuwa anamuuguza mwanaye, Christopher, aliyekuwa na surua. Mtoto anaumwa, hakuna cha kufanya, baba akawa anamsimulia hadithi za vichwa vya treni. Akavichora kwenye karatasi na kila kimoja akakipa sura ya mtu. Hadithi ya kwanza ilikuwa ya Edward, treni ambayo imeachwa bandani wenzake wakitoka, basi ina huzuni.

Kitabu kikatoka 1945. Thomas mwenyewe akaja kwenye kitabu cha pili, 1946. Awdry hakuwa anamuwazia mtoto mwenye usonji hata kidogo. Alikuwa anamtuliza mwanaye tu.

Mwaka 1984 Thomas akaingia kwenye TV ya Uingereza, msimulizi akiwa Ringo Starr, yule mpiga ngoma wa The Beatles. Na hapa mnisikilize vizuri, maana ndipo penyewe. Zile treni zilikuwa midoli ya kweli inayotembea kwenye reli. Midomo haikuwa inacheza. Macho tu ndiyo yalikuwa yanazunguka, na sura walikuwa wanabandua moja wanabandika nyingine: ya furaha, ya hasira, ya woga. Kwa hiyo treni ikikasirika, sura ya hasira inabaki palepale hadi umeiona ukaelewa. Na juu ya hapo msimulizi anakwambia kwa mdomo wake kwamba Thomas amekasirika, na amekasirika kwa sababu gani.

Sasa fikiria uso wa mtu wa kawaida. Shangazi akiongea, nyusi zinapanda, mdomo unacheka, sauti inagomba, yote ndani ya sekunde mbili. Mimi na wewe tumezoea. Dogo anasema ni kama kusoma bango ukiwa ndani ya daladala inayokimbia. Thomas ni bango lililosimama.

Wazazi wa Uingereza waliliona hili mapema. Chama cha usonji cha kule, National Autistic Society, kilifika mahali pa kufanya utafiti kwa wazazi kujua kwa nini watoto wao wamemng'ang'ania Thomas kuliko katuni nyingine. Kwa hiyo hakuna aliyewatengenezea. Walimchagua wenyewe.

Halafu kuna hili la kurudia. Nyumbani tunalalamika sana dogo anaangalia kipande kilekile hadi sisi tunakijua kwa moyo. Mwaka 1996 Nickelodeon ya Marekani walianzisha Blue's Clues, na walikuwa wanarusha kipindi kilekile siku tano mfululizo. Kwa makusudi kabisa, kwa sababu mtoto anashika kipya kila anaporudia. Na mtangazaji akiuliza swali ananyamaza, anasubiri ujibu. Ni wangapi wanaomsubiri mtu kama dogo amalize kujibu?

Upande wa vitabu vya katuni ndio ulionishangaza zaidi. Mwalimu mmoja wa Michigan, Marekani, Carol Gray, mwaka 1994 alitoa njia yake ya kuongea na wanafunzi wenye usonji kwa kuchora. Mnakaa na karatasi, mnachora watu wa vijiti, unaandika alichosema mtu kwenye kiputo, halafu unachora kile kiwingu cha mawazo na kuandika alichokuwa anawaza. Yaani katuni ikawa kifaa cha darasani. Nikamuuliza dogo kwa nini anapenda Spider-Man kwenye kitabu kuliko kwenye muvi. Akajibu bila kuniangalia: "Kwenye kitabu wanaandika anachowaza." Basi. Miaka yote hiyo nilidhani ni zile ngumi.

Japani nako kuna mama anaitwa Keiko Tobe aliyechora hadithi ndefu ya katuni kuhusu mama na mwanaye mwenye usonji, kwa Kiingereza inaitwa With the Light. Ilianza mwaka 2000. Mtoto anazaliwa, anakua, anaenda shule, na ndugu wa mume wanamlaumu mama kwamba hajui kulea. Nilivyofika hapo nikamkumbuka shangazi. Tobe alifariki 2010 kabla hajaimaliza.

Kwenye TV, Sesame Street ilianza 1969, na hata Tanzania iliwahi kuja kwa jina la Kilimani Sesame. Ila kikaragosi mwenye usonji, Julia, aliingia kwenye kipindi chenyewe tarehe 10 Aprili 2017. Hesabu mwenyewe hapo katikati ni miaka mingapi. Kabla ya hapo, 2015, alikuwa kwenye kitabu cha hadithi cha mtandaoni tu. Aliyemchezesha, Stacey Gordon, naye ni mama wa mtoto mwenye usonji. Kwenye kipindi cha kwanza Big Bird anamsalimia Julia, Julia hajibu, Big Bird anadhani hapendwi. Wenzake wanamwelewesha. King'ora kikilia Julia anaziba masikio, kama dogo pale ukutani.

Ila msidhani ilikuwa shangwe tupu. Mwaka 2019 chama cha Marekani kinachoendeshwa na watu wenye usonji wenyewe, Autistic Self Advocacy Network, ambacho kilikuwa kimeshirikiana na Sesame juu ya Julia, kilijitoa. Sababu ni kwamba Julia alianza kutumika kuwatangazia wazazi mambo ya taasisi nyingine, Autism Speaks, na hicho chama kilisema zinawafundisha wazazi kumwona mtoto kama msiba. Mimi niko upande wa chama. Huwezi kutumia sura ya mtu kumlilia wakati yupo hai anakusikia.

Wengine walijifunza. Mwaka huohuo wa 2017 Ireland ya Kaskazini wakatoa Pablo, mtoto wa miaka mitano mwenye usonji anayechora wanyama kwa kalamu za rangi, wanyama wanakuwa hai na kumsaidia kuelewa siku yake. Sauti za wahusika wakuu walizifanya watu wenye usonji wenyewe.

Na 2022, mzunguko ukarudi kwa Thomas. Akaletwa Bruno, behewa la breki linalokaa mkiani mwa treni na kuiona safari kinyumenyume. Anajua ratiba zote, hapendi makelele, na ana taa inayocheza ikionesha hali yake. Sauti yake Uingereza na Marekani ilifanywa na watoto wa kiume wenye usonji. Mpaka hapo ilikuwa imepita miaka 38 watoto kama hao wakimwangalia Thomas kwenye TV.

Basi nikarudi kwa mzee na hizi habari zangu, nikaweka karatasi mezani. Nikachora shangazi wa vijiti na dogo wa vijiti, nikampa dogo kalamu ajaze kiwingu chake cha siku ile. Akaandika: "Shangazi anaongea kwa nguvu. Vitabu vyangu vinaenda wapi? Saa kumi na mbili imefika."

Mzee akaisoma, akakaa kimya muda mrefu. Halafu akaenda kulichukua lile boksi, ila akavipanga vitabu kwenye shelfu ovyo. Dogo ikabidi avipange upya usiku kucha.

Shangazi anakuja tena Idi. Kama nyumbani una ndugu kama dogo, andika hapo chini anapenda katuni gani, nitamsomea.